Mimi, Mama Odette na Viazi vya Dalia Vilivyooza

Mista Dlamini, mwenye kitalu, aliniomba niwaachie karatasi moja ya maelekezo ya stoo: namna ya kung'oa viazi vya dalia, namna ya kuvikausha, namna ya kukata palipooza. Nimekaa mezani siku tatu na karatasi zimekuwa nyingi, kwa sababu kila nikiandika "msifanye hivi" nakumbuka kwamba mimi nilifanya hivyo hivyo, na naona ni haki mjue. Nyinyi mnaobaki mmezoea kuniona nikipita na kisu mfukoni na miwani utosini kama daktari mkuu. Wengine wenu mnaniita daktari kweli. Someni kwanza, halafu mwamue kama mtaendelea.

Nilianza kazi mwezi wa tano mwaka 2008, nikiwa na miaka hamsini na mitatu. Kabla ya hapo nilikuwa nauza nyanya na vitunguu pale soko la Warwick, hapa Durban, na magoti yangu yalikuwa yameshachoka kusimama. Mume wangu, Baba Hamisi, anachomelea matrela ya malori Clairwood. Mkabala na gereji yao kuna banda ambalo nusu yake Mista Dlamini ameipanga kuwa stoo; kitalu chenyewe cha maua kiko juu Westville. Baba Hamisi akasikia wanatafuta mtu wa stoo, akaja kuniambia, "Ni kazi ya viazi." Hakuniambia ni viazi vya maua. Hakujua.

Mista Dlamini aliniuliza kama naijua dalia. Nikamjibu kwa Kiingereza changu cha sokoni kwamba mimi ni mtu wa Lushoto, viazi nimezaliwa navyo. Akaniuliza tena kuhusu dalia. Nikamwambia kiazi ni kiazi. Na baridi pia naijua, nikaongeza, kwetu Lushoto kuna baridi ambayo watu wa Durban wangelia. Hakuwa ameniuliza habari za baridi. Nawatajia hilo kwa sababu maneno hayo yalikuja kunigharimu.

Kwa wale waliokuja wiki iliyopita: dalia juu ni ua, chini ya udongo ni fungu la viazi vilivyoshikana shingoni kama vidole vya mkono mmoja. Durban hakuna barafu ya kuviua. Tunaving'oa kwa sababu udongo wa Westville ni mzito, na mvua za hapa za baada ya baridi zikiingia kabla macho ya viazi hayajaamka, vinaozea humo humo ardhini. Basi tunaving'oa kuanzia mwezi wa tano, tunavilaza stooni mpaka wa tisa. Kazi yetu yote ni hiyo, kulinda usingizi wa viazi. Inaonekana rahisi. Hata mimi niliiona rahisi.

Aliyenipokea stooni alikuwa Mama Odette. Alikuwa mtu wa Bukavu, mfupi, mpana, kilemba kimekazwa kama kifuniko cha chupa, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. Siku ile ya kwanza alinipa mafungu arobaini yenye udongo, akasema, "Mama Hamisi, toa udongo, panga kwenye kreti," kisha akapanda gari kwenda Westville kusimamia ung'oaji. Maelekezo yake yalikuwa hayo tu. Mtu mwenye akili angetoa udongo na kupanga kwenye kreti.

Mimi nilitaka kuonekana. Nilichota maji, nikatafuta brashi, nikavisugua vile viazi mpaka vikang'aa kama vya kupeleka harusini. Halafu nikafunga mafungu kumi kumi kwenye mifuko ya plastiki niliyokuja nayo kutoka sokoni, nikapiga fundo, nikavipanga rafu ya nyuma kabisa, nikarudi nyumbani nikijisifu njia nzima ndani ya taksi.

Wiki mbili baadaye stoo ilikuwa inanuka. Mama Odette alisimama mlangoni, akavuta hewa.

"Kuko nini kimekufa hapa?"

"Panya," nikasema. Nilikuwa na uhakika. Tulimtafuta yule panya nusu ya asubuhi, mimi nikiwa mbele na ufagio. Tulisogeza kreti zote mpaka tukafika rafu ya nyuma, na Mama Odette akainua mfuko mmoja. Ndani kulikuwa na uji.

"Ni weye ulifunga hivi?"

"Ni mimi."

"Juu ya nini?"

"Visipate vumbi."

Aliuinua mfuko usawa wa macho yangu. "Mama Hamisi," akasema, "kiazi ilitoka kwenye udongo. Unaogopa ipate vumbi?"

Hakunifokea. Alifungua mifuko yote minne, akaipanga mezani, akaniambia, "Leta pua." Nikapeleka pua. Hapo ndipo masomo yangu yalipoanza, na ndiyo maana hata nyinyi siku ya kwanza huwa nawanusisha kabla sijawapa kisu. Kiazi kizima kinanuka kama karoti mbichi. Kikianza kuharibika kinanuka uchachu kidogo, kama maziwa ambayo bado unajiambia yanafaa. Kikishafika mbali hakuna haja ya mwalimu. Uozo mkavu ndio mbaya zaidi kwa sababu haunuki hata kidogo. Huo unautafuta kwa kidole gumba, unabonyeza taratibu, na ngozi ikiingia ndani kama kizibo, umeupata.

Kisu alichonifundishia kilikuwa kimetengenezwa kwa msumeno wa chuma uliovunjika, ukanolewa upande mmoja, mpini wake kitambaa kilichozungushwa. Unakata mpaka nyama iwe nyeupe pe. Ukiona bado kuna uzi wa rangi ya chai, hujamaliza, kata tena. Kila ukikata unachovya kisu kwenye maji ya jiki, halafu ndipo unakata kingine. Mwaka mzima wa kwanza mimi nilikuwa nakifuta kwenye aproni. Nilifikiri kuchovya ni mambo ya usafi tu, ya kumfurahisha mgeni. Nilikuwa natoa ugonjwa kwa mmoja nampa mwenzake, kwa bidii, kreti baada ya kreti, na Mama Odette anashangaa kwa nini wagonjwa wangu hawapungui. Baada ya kukata, unapaka unga wa salfa kwenye kidonda, unaviacha kwenye gazeti siku tatu au nne vikauke, ndipo unavifukia kwenye maranda ya mbao. Maranda yasiwe makavu kama yale mliyoyaleta jana wala yasiwe mabichi. Ukiyafumbata yasikuachie maji mkononi.

Mwaka wa pili nikaona nimeshajua. Mista Dlamini alikuwa ametupa ruhusa ya kila mmoja kupanda mstari wake mwenyewe kule Westville. Nikachagua viazi kumi na viwili vilivyonona kuliko vyote, nikavikata vizuri, nikavipanda na vibao vyenye jina langu. Nikawa namwagilia kila nikipata lifti ya kwenda juu. Mstari wa Mama Odette ukaota. Mstari wa kila mtu ukaota. Wangu ukabaki udongo mweusi, safi, wenye vibao. Tumbili wa Westville walikuja wakafukua kimoja, wakaking'ata, wakakiacha palepale. Hata wao hawakuona cha kuendelea nacho.

Mwezi wa kumi na mbili Mama Odette alikuja na jembe, akavifukua vilivyobaki. Vilikuwa vizima kabisa, vizuri vya kupigia picha.

"Iko wapi jicho?" akaniuliza.

Nikageuza kimoja, nikageuza cha pili. Jicho la kiazi cha dalia haliko mwilini kama la kiazi cha Lushoto. Liko juu shingoni, pale kinaposhikana na bua la zamani. Mimi nilikuwa nimezikata shingo zote kwa sababu zilikuwa na makovu na sikupenda zilivyokaa.

"Iko vipofu," Mama Odette akasema. "Weye mwagilia tu. Vitakaa hivi mpaka Yesu anarudi."

Miezi mingi baada ya hapo mtu yeyote akipotea njia, akikosa taksi, akivuka robot nyekundu, yaani taa za barabarani, watu wa kitalu walikuwa wanasema huyo amepandwa na Mama Hamisi.

Sasa nifike kwenye mwaka 2011, ambao ndio sababu hasa ya karatasi hizi kuwa nyingi.

Tulikuwa na mteja mmoja, Mista Pillay, dereva wa basi mstaafu, mwembamba, hatembei bila mwavuli hata jua likiwaka. Zamani alikuwa na nyumba yenye bustani, na humo alikuza dalia yake mwenyewe kutoka kwenye mbegu, nyekundu iliyoiva karibu na weusi, kama maji ya kiazi kile chekundu cha saladi, bitiruti. Haikuwepo pengine popote. Alipohamia fleti ya ghorofa ya tatu alichukua fungu moja tu, akaja kutuomba tumpandie kitaluni na tumhifadhie stooni. Lilikuwa na viazi tisa. Kila Jumamosi ya pili ya mwezi alikuja kulisalimia. Anafunuliwa boksi, anatazama, anasema asante, anaondoka. Mwaka ule alikuwa na la ziada: mjukuu wake angeolewa mwezi wa kumi na mbili, na Mista Pillay alishamwahidi ua lile la nywele.

Meza yangu ya kuchambulia ilikuwa upande wa mashariki, karibu na matundu ya hewa ya chini. Stoo ina matundu mawili chini na mawili juu upande wa pili, hewa inaingia huku inatokea kule. Mwezi wa sita upepo wa asubuhi ulikuwa unaingia pale na kunipanda miguuni mpaka kiunoni. Ningeweza kusema tusogeze meza. Lakini nilikuwa nimeshamtangazia kila mtu kwamba baridi ya Durban kwangu ni mchezo. Basi Mama Odette alipokuwa Westville kumalizia mistari ya mwisho, nilichukua magunia mawili, nikayakunja, nikayasokomeza kwenye matundu, nikasogeza kreti mbele yake yasionekane. Nikavua sweta. Nilikaa raha wiki tatu na nusu. Niliwahi hata kusema kwa sauti, peke yangu, kwamba mwaka huu stoo imechangamka.

Mama Odette aliporudi aliingiza mkono kwenye maranda ya kreti ya kwanza, akautoa, akautazama. Ulikuwa umelowa. Akaangalia juu. Bati lilikuwa limetoka jasho, linadondosha tone moja moja. Akafungua kreti ya pili, ya tatu. Ukungu mweupe ulikuwa umetanda kama pamba.

"Bwana Mungu," akasema, akatoka mbio kwenda kumpigia simu Mista Dlamini.

Nami nikayatoa magunia. Sikufikiri, mikono ilikwenda yenyewe. Aliporudi matundu yalikuwa wazi na magunia yalikuwa chini ya meza, na mimi nilikuwa nimeinamia kreti nikisema, "Maskini, maskini."

Mista Dlamini alikuja saa ileile. Alizunguka bila kugusa kitu. "Eish, Mama Odette," akasema, "nini kimetokea?"

Mama Odette angeweza kusema kwamba alikuwa shambani. Angeweza kusema aliyekuwa stooni ni Mama Hamisi. Alisimama wima, miwani kifuani.

"Sijui," akasema. "Lakini stoo iko yangu."

Wiki zile tulikata kama watu wa chumba cha upasuaji baada ya ajali. Theluthi moja ya viazi ilikwenda moja kwa moja kwenye pipa. Niliwahi kufika, nilichelewa kutoka, sikuomba hata dakika ya chai. Mtu aliyeiba ndiye anayetafuta kwa bidii kuliko wote. Boksi la Mista Pillay nililiweka mwisho, nikawa naliruka kila siku, mpaka nilipobonyeza kiazi kimoja kwa juu na kidole kikaingia kama kwenye parachichi. Nikalifunika tena.

Nilijiwekea nadhiri kwamba hapa sitazungumza habari za vyeo. Kimoja nitakitaja kwa sababu nilikaa nacho wikendi moja tu. Ijumaa mchana Mista Dlamini aliniita pembeni. Alisema ameiona bidii yangu. Alisema kuanzia Jumatatu Mama Odette atapanda Westville kujaza udongo kwenye vyungu, na funguo za stoo nichukue mimi.

Ningependa kuwaandikia kwamba nilisita. Nilisema asante kabla hajamaliza sentensi.

Jumamosi mchana niliziweka zile funguo mezani, karibu na sahani, mahali ambapo Baba Hamisi asingeweza kukosa kuziona. Akauliza ni za nini. Nikamweleza.

"Kwa hiyo bosi kaona umempita Mama Odette."

"Ndivyo alivyoona yeye."

Akakata tonge, akachovya, akala. "Na viazi vyenyewe vimeoza kwa sababu gani?"

"Unyevu."

"Unyevu wa mwaka huu umetoka wapi? Ile stoo ina matundu manne, nyavu zake nilizichomelea mimi."

"Yaliziba," nikasema.

"Yaliziba," Baba Hamisi akauliza, "au yalizibwa?"

Miaka thelathini ya ndoa, mwanamume haulizi neno, halafu siku moja anakuja na herufi moja. Niliutazama ugali wangu. Yeye alikata tonge jingine. Alimaliza kula, akanawa, akaenda kuswali, akaniacha na funguo zangu.

Jumatatu niliwakuta wote wawili stooni. Mama Odette alikuwa anakusanya vitu vyake kwenye mfuko: kisu, glavu, kikombe. Nikasema ninalo la kusema. Tatizo la stoo yetu mnalijua, Mista Dlamini hasikii Kiswahili na Mama Odette hasikii Kiingereza cha haraka, kwa hiyo nililazimika kukiri mara mbili. Mara ya kwanza nilisema kwa Kiingereza na ilikuwa fupi, kwa sababu sikuwa na maneno ya kujitetea. Ya pili, kwa Kiswahili, maneno nilikuwa nayo yote, na niliona hakuna hata moja linalofaa. Nilisema, "Ni mimi niliyeziba matundu, kwa magunia, kwa sababu ya baridi. Na niliyatoa ulipokwenda kupiga simu."

Mama Odette aliweka mfuko chini.

"Baridi," akasema. "Weye wa Lushoto."

Mista Dlamini alinyoosha mkono, nikampa funguo, akampa Mama Odette. Akaniambia mambo mawili. La kwanza, meza yangu itabaki palepale ilipo. La pili, Jumamosi Mista Pillay akija, nitakayemwambia ni mimi.

Mama Odette hakunisemesha wiki ile. Mambo ya kazi aliniambia kwa kunyoosha kidole. Msidhani ilikuwa nyepesi kwa sababu naiandika kwa mzaha. Yeye alikuwa ameshakubali kwenda kujaza vyungu kwa ajili ya kosa asilolijua, akiwa na miaka sitini na mgongo mbovu, na mimi nilikuwa nimempokonya hata funguo. Nilikuwa nikila chakula changu nje, nimesimama, karibu na malori.

Mista Pillay alifika saa nne, mwavuli mkononi. Nilimkalisha kwenye kreti iliyopinduliwa, nikamwambia yote, na magunia.

Aliulaza mwavuli magotini. Kisha akauliza, "Vyote tisa?"

"Sijafika katikati. Niliogopa."

"Basi fika," akasema. "Nipo."

Nilileta boksi mezani. Nikakata cha kwanza, kikamwagika. Cha pili, cha tatu, vilevile. Mista Pillay hakuondoa macho. Nilichovya kisu, nikakata, nikachovya. Mama Odette alikuwa upande wa pili, ametupa mgongo, anachambua. Nilifika cha nane nikiwa nimeshaanza kutafuta maneno ya pole kwa Kiingereza. Cha tisa kilikuwa chembamba kama kidole cha mwisho cha mtoto, kimeng'ang'ania kipande cha shingo chenye upana wa kifungo cha shati, na nusu ya kifungo hicho ilikuwa ya kahawia. Nikaegesha kisu niitoe ile nusu.

"Hapana kata hapo."

Mama Odette alikuwa amegeuka. Alikuja, akanisogeza kwa nyonga, akavaa miwani, akainamia kile kidude mpaka pua ikakigusa. Lori lilipita nje, ukuta ukatetemeka, sisi watatu tukasubiri lipite.

"Iko jicho," akasema. "Kama punje ya ulezi. Ungekata pale, mama, ungetengeneza kipofu ingine."

Alikata yeye. Alikwenda chini ya kahawia, pembeni, kwa mkato mmoja, jicho likabaki na upande mweupe. Mimi nilishika kile kiazi, na sijawahi kushika kitu kwa utulivu ule, hata wanangu. Tulikipaka salfa, tukakikausha siku nne, tukakilaza peke yake kwenye kopo la mtindi lenye maranda. Mwishoni mwa mwezi wa nane tukakiweka juu ya friji ya ofisini penye joto. Nilikuwa nakifunua kila asubuhi mpaka Mama Odette akanikataza. "Usiitazame sana. Itaona haya."

Katikati ya mwezi wa tisa kikatoa chipukizi moja, jekundu kwa chini. Likifika jozi tatu za majani unalikata juu ya jozi ya chini kabisa, ncha unaichomeka kwenye mchanga itoe mizizi, na pale ulipokata zinatoka nyingine mbili. Namna hiyo tukapata miche mitano kutoka kwenye kidole kimoja. Mmoja ulikufa kwa maji mengi. Huo hamna haja ya kuuliza nani alikuwa anaumwagilia.

Harusi ya mjukuu ikafika mwezi wa kumi na mbili na miche ilikuwa majani matupu. Bibi harusi alivaa maua ya dukani. Nilijua siku yenyewe, na siku nzima kila kilichoanguka kutoka mikononi mwangu niliona ni haki yangu.

Ua la kwanza lilifunguka mwishoni mwa mwezi wa kwanza. Mista Dlamini akampigia simu Mista Pillay, naye akaja Westville amevaa suti kamili, ile ya harusi. Alisimama mbele ya mmea, mwavuli umening'inia mkononi. Nikamwambia pole, harusi imeshapita.

"Harusi imepita," akasema, "lakini ndoa ndiyo kwanza imeanza. Nitawapelekea kesho."

Halafu akasema tunaweza kuizalisha na kuiuza, haina maana ibaki ya mtu mmoja wa ghorofa ya tatu. Lakini sharti iwe na jina. Miaka yote yeye alikuwa anaiita nyekundu yangu tu, na hilo si jina la kuandika kwenye kibao. Akanigeukia mimi.

Nilijifuta mikono. Nawaambia ukweli: nilikuwa nimeshalifikiria. Zaituni, ndilo jina langu, ni jina zuri la ua, linatamkika kwa Kiingereza na kwa Kizulu. Nilikuwa nimejitayarisha hata sura ya kukataa kidogo kabla ya kukubali, nikainamisha kichwa.

"Yule mama aliyeliona jicho," Mista Pillay akaniuliza, "anaitwa nani?"

Kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri, kazi ya vibao vya miche itakayozalishwa nilipewa mimi. Niliandika hamsini kwa rangi nyeusi, mchana mzima, nikavipanga juani vikauke. Mama Odette akapita, akavaa miwani, akainama.

"Huyu iko nani?" akauliza. "Odete? Simjui."

Nilikuwa nimeandika t moja. Alivuta kreti, akakaa karibu nami, akachukua vibao ishirini na tano na kisu chake, akaanza kukwangua. Tuliandika upya vyote. Katikati alisimama, akaenda kuchemsha maji, akarudi na vikombe viwili, na hiyo ilikuwa chai ya kwanza tuliyokunywa pamoja tangu mwezi wa saba.

Aliondoka 2013 kumfuata binti yake nchi za baridi kali. Kila mwezi wa sita ananipigia simu. Haulizi habari za magoti yangu wala za Baba Hamisi. Anauliza kama ile nyekundu imeng'olewa, kama shingo zimetoka nzima, ni ngapi zimeguswa na uozo na tumekata wapi. Namjibu moja baada ya nyingine, nimesimama wima na simu sikioni. Mwisho kabisa anauliza tumeiandikaje.

Kwa hiyo kwenye karatasi aliyoniomba Mista Dlamini ningeweza kuandika mambo mengi, lakini mengine mtayagundua kwa kuharibu, kama mimi. Hili moja msiliharibu. Mkiandika vibao vya ile nyekundu iliyoiva, andikeni kwa t mbili. Atapiga simu.